Jumapili Isiyo na Namba

Asubuhi mto unaopita chini ya Kibimba ulipovuka kingo zake na kuingia kwenye mashamba ya maharage, kompyuta ya ofisi yetu ilikuwa imeandika maneno mawili: HAKUNA HATARI. Haikuwa imeharibika. Umeme ulikuwepo, mtandao ulikuwepo, namba za mvua zilikuwa zimefika kwa wakati. Ilifanya hesabu tuliyoiagiza, kwa utaratibu tulioupanga, na ikatoa jibu ambalo utaratibu ule usingeweza kukosa kulitoa. Watu wanne walikuwa bondeni wakivuna. Watatu walikimbilia mlimani. Wa nne alikuwa Skolastika, mkamwana wa mtu aliyekuwa akitupimia mvua.

Mmoja wa waliopanga utaratibu ule ni mimi. Nimeshastaafu. Nawaandikia vijana wanaoingia kwenye kazi ya takwimu za maji, wajue ilivyokuwa ikifanyika na mahali ilipotukatikia mikononi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipiga magoti kwenye matope. Ilikuwa miaka ya themanini, wilayani Ngara, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Mkuu wa Kituo alinipeleka mtoni kuniona nikisoma ubao wa kina, yaani ule ubao mrefu wenye alama za sentimita unaosimikwa majini. Nilisimama ukingoni, nikatazama, nikataja namba.

"Umesomaje?" akauliza.

"Kwa macho, mzee."

"Umesoma ukiwa umesimama. Ukisimama unaona maji ya mbele ya ubao, huoni yanayougusa. Piga magoti, macho yawe sawa na maji."

"Mzee, suruali ni mpya."

"Mto hauijui suruali yako. Shuka."

Nilishuka. Namba ilipungua kwa sentimita mbili. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akaniambia nirudie mara tisa, na kila mara alinitaka niandike kabla ya kusimama.

Kazi ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni huo ubao wa kina. Ya pili ni kipimamvua, ambacho ni mkebe wa chuma wenye mdomo wa mviringo, faneli, na chupa ndani. Mvua huingia kwenye chupa. Kila siku saa tatu asubuhi mpimaji hufungua mkebe, humimina maji ya chupa kwenye bomba la kioo lenye alama za milimita, husoma, huandika, kisha huyamwaga. Vipimamvua vilitawanywa vilimani, na kila kimoja kilihitaji mtu wa karibu wa kukisoma. Mkuu wa Kituo alikuwa na njia yake ya kuwapata watu hao: alikwenda kwa paroko na kuomba makatekista. Walijua kuandika, walikuwa hawahami, na watu waliwaamini. Hivyo karibu vipimamvua vyote vya upande wa Ngara vikawa mikononi mwa makatekista.

Yule wa Kibimba aliitwa Laurenti. Tulikuwa rika. Nilimfundisha mwenyewe kumimina bila kudondosha. Aliuliza swali moja tu.

"Na Jumapili?"

Jumapili Laurenti aliongoza ibada katika vigango viwili ambako padre alifika mara moja tu kwa mwezi, naye Laurenti alitembea kutoka kimoja kwenda kingine. Saa tatu asubuhi alikuwa mbali na nyumbani. Nilikwenda kumuuliza Mkuu wa Kituo. Akasema Jumapili aache nafasi wazi, chupa isimwagwe, na Jumatatu apime maji yote ya siku mbili kwa pamoja. Makatekista wote wakafuata hivyo. Haikuandikwa mahali popote. Ilikuwa desturi tu, kama ile ya kuning'iniza fomu msumarini nyuma ya mlango.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Biharamulo, kwenye ofisi iliyokusanya takwimu za wilaya zote mbili. Fomu zilikuja kwenye bahasha kwa basi. Za Ngara zilishushwa Nyakanazi, zikakaa kwa mama mmoja aliyeuza chai pale njiapanda, na mimi nilizifuata Jumanne na Ijumaa, wakati wa masika kila jioni. Nilizipata zikiwa na madoa ya mafuta ya maandazi, lakini sikumbuki kupoteza bahasha hata moja.

Biharamulo ndiko nilikomkuta Mhandisi Mkuu. Huyu ndiye aliyeandika programu ya bonde, kwa lugha ya Fortran, ambayo ni lugha ya zamani ya kompyuta iliyotungwa kwa ajili ya watu wa hesabu. Programu ilichukua mvua ya siku tano zilizopita, ikachukua kina cha mto, ikavipitisha kwenye milinganyo yake, na mwisho ikalinganisha jibu na mstari wa hatari. Jibu likizidi mstari, iliandika HATARI, nasi tulimpigia simu ya upepo mtendaji wa kata. Lisipozidi, iliandika HAKUNA HATARI. Milinganyo ile aliitengeneza kwa kutembea bondeni baada ya kila furiko na kuuliza wazee maji yalifika mti gani.

Fortran ya wakati ule ilikuwa na sheria za kijeshi. Maandishi yalianza safu ya saba ya ukurasa, hayakuvuka ya sabini na mbili. Jina halikuzidi herufi sita. Na kulikuwa na sheria moja ambayo nawaomba muishike, maana habari yote hii imesimama juu yake: nafasi iliyoachwa wazi kwenye faili la namba, Fortran iliisoma kuwa sifuri.

Siku moja Mhandisi Mkuu aliniita mezani kwake. Alikuwa amechora mvua ya Ngara kwenye karatasi ya miraba, na kila baada ya siku sita mstari ulishuka hadi sifuri kisha ukaruka juu.

"Hawa wapimaji wako ni wavivu?"

"Si wavivu, Mhandisi. Ni makatekista."

"Na mvua inajua kwamba ni makatekista?"

Nikamweleza habari ya Jumapili, chupa na Jumatatu. Akautazama tena mchoro wake.

"Miaka yote hii. Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuuliza, Mhandisi."

"Ningeulizaje kitu nisichokijua? Vuta kiti."

Jioni ileile tuliandika programu ndogo, yaani kipande kinachofanya kazi moja na kuitwa kila kinapohitajika. Tulikiita JPILI. Kilitazama Jumapili: kama namba ni sifuri, kilichukua namba ya Jumatatu na kuigawa kati ya siku hizo mbili. Mimi ndiye niliyeichapa kwa vidole vyangu. Mhandisi Mkuu aliongeza juu yake mstari wa maelezo kwa herufi kubwa: JUMAPILI WAPIMAJI WAKO KANISANI. Tangu hapo Ngara haikutupa tena mawimbi ya ajabu.

Mhandisi Mkuu alistaafu, akafariki. Programu ikabaki. Niliihamisha kutoka kompyuta hadi kompyuta, kutoka disketi hadi diski hadi kijiti cha kuchomeka. Mara mbili iliandika HATARI, mara mbili tukapiga simu, mara mbili maji yakaja na kukuta mashamba hayana watu. Hakuna aliyetupongeza na hatukutegemea pongezi. Kazi ya onyo ikifanikiwa, watu hukasirika tu kwamba wameacha maharage yao.

Kisha akaja Mkuu wa Ofisi mpya. Alikuwa kijana ukilinganisha na mimi, mchapakazi, mwenye haraka. Siku ya pili aliniita nimwonyeshe mfumo wa tahadhari. Nikafungua programu. Kioo cheusi, herufi nyeupe.

"Mzee, hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo, Mkuu."

"Ikitaka kutuma meseji kwa watu elfu moja, inatumaje?"

"Haitumi. Mimi ndiye ninayepiga simu."

"Na wewe unastaafu lini?"

Nikamtajia. Akahesabu miaka kwa vidole mbele yangu, bila ubaya. "Sasa unaona tatizo langu," akasema.

Aliniletea mhandisi wa programu, binti mzaliwa wa Biharamulo aliyerudi kutoka chuoni, jina lake Neema. Aliingia na kompyuta yake mgongoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye umekuja kuizika Fortran?"

"Hapana, mzee. Nimekuja kuivika nguo."

Jibu lile lilinipendeza, na lilikuwa sahihi kwa namna ya kazi yake. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa kuiandika programu yote upya kwa Python, lugha ya siku hizi ambayo mtu huandika mstari mmoja akaona jibu palepale, na ambayo tayari inajua kusoma faili za kila aina, kuchora, na kutuma ujumbe wa simu. Ya pili ilikuwa kuiacha Fortran kama ilivyo, kuigeuza kuwa maktaba, yaani fungu la amri za mashine ambalo programu nyingine inaweza kuliita, kisha kuijengea ganda la Python kwa nje. Ganda lisome namba, liikabidhi Fortran, lipokee jibu, litume meseji. Neema alichagua ya pili. Alisema milinganyo iliyopimwa na mafuriko haifai kuguswa na mtu ambaye hajawahi kuona furiko. Nikamheshimu.

Tulifanya kazi miezi mingi, yeye kwenye kibodi, mimi kwenye kiti cha pembeni nikieleza kila herufi sita zilikuwa na maana gani. Vilituchosha vitu vidogo. Fortran huanza kuhesabu kwenye moja, Python huanza kwenye sifuri, hivyo kwa juma zima tulikuwa tukipoteza siku ya kwanza ya kila mwezi. Fortran hupanga jedwali kwa kushuka chini, Python hulipanga kwa kwenda kando. Kabla Neema hajalishika hilo, siku na miezi vilibadilishana nafasi, na programu ikatuambia kwamba Runazi ilipata masika mwezi wa Julai.

"Mzee, Runazi mvua hiyo mnaificha wapi?" Neema akauliza.

"Tunaikausha pamoja na muhogo."

Alicheka hadi mhudumu akachungulia. Nayaandika haya ili msidhani tulikuwa watu wazembe. Tuliyaona makosa yote yaliyopiga kelele.

Ikafika siku ya jaribio. Jaribio la kazi kama hii ni hivi: unachukua data ileile, unaipitisha kwenye programu ya zamani, unaipitisha kwenye ile iliyovikwa ganda, na majibu lazima yafanane hadi tarakimu ya mwisho. Neema aliniuliza tutumie data ya wapi. Nikasema Runazi.

Nilisema Runazi kwa sababu fomu zake zilikuwa safi kuliko zote. Mpimaji wake alikuwa Mzee Ramadhani, mwenye duka dogo, Mwislamu aliyesali swala ya alfajiri kisha akashughulika na duka na kipimamvua chake siku saba za juma. Katika miaka yote hakuacha nafasi hata moja wazi. Nilikuwa nikiwaonyesha wageni fomu zake kama mtu anavyoonyesha picha za harusi.

Kabla hatujaanza, Neema aliteremsha macho kwenye maandishi ya Fortran, akasimama mahali.

"Mzee, hii JPILI ni nini?"

Nikamsimulia kisa chote, makatekista, chupa, mchoro wa Mhandisi Mkuu. Alikipenda sana.

"Basi na hii tuipime peke yake?"

Nikamjibu hivi, na maneno ni haya haya, nimeyarudia kichwani mara nyingi mno kuweza kuyasahau: "Hiyo niliiandika mwenyewe. Haijawahi kunisumbua."

Tukapitisha Runazi. Majibu yalifanana hadi tarakimu ya mwisho, miaka yote. Mkuu wa Ofisi aliagiza soda. Alisimama akasema sasa bonde letu limeingia kwenye zama mpya, na akanipa mkono mbele ya wafanyakazi wote. Kuanzia juma lililofuata wapimaji wakaacha bahasha, wakawa wanatuma picha ya fomu mwisho wa mwezi na namba kwa simu kila saa tatu asubuhi, na ganda la Python likawa linazipokea bila mtu kuzigusa.

Sasa niwaeleze kilichotokea ndani. Jumapili Laurenti hakutuma kitu, kama alivyofanya maisha yake yote. Kwenye faili ikabaki nafasi wazi. Fortran ya zamani ingeisoma kuwa sifuri. Lakini faili lilikuwa halisomwi tena na Fortran, lilisomwa na Python, na Python ni mwaminifu zaidi: mahali pasipo na namba huweka alama maalumu inayomaanisha "si namba". Alama hiyo ikakabidhiwa Fortran. JPILI ikauliza: je, hii ni sifuri? Si sifuri. Ikapita. Programu ikajumlisha mvua ya siku tano, na kitu chochote ukikijumlisha na "si namba" hugeuka nacho kuwa "si namba". Mwisho ikauliza swali lake kuu: je, jibu limezidi mstari wa hatari? Kitu ambacho si namba hakiwezi kuzidi chochote. Basi haikuzidi. Na programu iliyojua majibu mawili tu ikaandika lile lililobaki.

Haikulia, haikusimama, haikutoa onyo la kosa. Kila hesabu ya siku tano yenye Jumapili ndani yake ilitoka HAKUNA HATARI, hata kama mbingu ingeanguka. Neema alikuja kulihesabu baadaye. Kwa vituo vyote vya makatekista, mfumo wetu mpya uliweza kuonya siku mbili tu kwa juma, Ijumaa na Jumamosi.

Masika ya kwanza yalikuwa madogo, hatukujua. Masika ya pili mvua ilianza Jumamosi jioni ikanyesha Jumapili yote. Jumatatu saa tatu asubuhi Laurenti alituma namba kubwa kuliko zote alizowahi kutuma. Mimi nilikuwa ofisini, nikipanga mafaili ya kukabidhi kwa sababu ulikuwa mwezi wangu wa mwisho. Nilipita mbele ya kioo. Nikasoma HAKUNA HATARI, nikaenda kunywa chai. Zamani ningeifungua bahasha, ningeiona ile namba kwa macho, na ningekimbilia simu. Siku ile hapakuwa na bahasha.

Maji yalikuja Jumanne asubuhi.

Neema ndiye aliyegundua. Alipitisha namba zilezile kwenye programu ya zamani, ile ya kioo cheusi, na ikaandika HATARI tangu Jumatatu asubuhi, karibu siku nzima kabla. Alikuja mezani kwangu na karatasi akaiweka mbele yangu. Nilipomaliza kuisoma alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Uliniambia haijawahi kukusumbua," alisema. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anajiuliza kwa nini aliniamini.

Nilikwenda msibani Kibimba. Laurenti alikuwa amekaa kwenye benchi na wanaume wengine, akanisogezea nafasi. Nilimpa pole.

"Fundi," akasema, "namba yangu ya Jumatatu ilifika?"

"Ilifika, Katekista."

"Ilikuwa kubwa."

"Ilikuwa kubwa."

"Nilidhani mtapiga simu. Niliweka simu mfukoni siku nzima, hata shambani nilikuwa nayo. Jioni Skolastika akaniuliza, baba, kesho tushuke tukavune? Nikamwambia, wale wa ofisini wana namba, ingekuwa mbaya wangekwisha piga."

Mimi nilikuwa nimekuja nimejiandaa kumwambia kila kitu, ganda, Python, nafasi wazi. Lakini ningewezaje kulisema hilo bila kuitaja Jumapili? Ningefungua mdomo angesikia jambo moja tu, kwamba kama siku ile angekwenda kwenye kipimamvua badala ya kigango, mkamwana wake angekuwa hai. Lisingekuwa kweli, maana kosa lilikuwa letu, yeye alifuata tulivyomwagiza. Lakini ndilo angelibeba. Nikamwambia mitambo ilipata hitilafu.

"Hitilafu," akasema.

"Ndiyo."

Alitikisa kichwa polepole. Sijui kama aliniamini.

Ofisini Neema alirekebisha. JPILI sasa inatambua sifuri na inatambua "si namba" vilevile. Lakini hakutaka kuishia hapo. Alitaka programu ipewe jibu la tatu. Inapokosa namba isiseme hatari wala hakuna hatari, iseme SIJUI, na mtu apige simu aulize. Tuliingia wote wawili kwa Mkuu wa Ofisi.

"Siwezi kuwatumia wananchi meseji inayosema ofisi haijui," alisema Mkuu wa Ofisi.

"Lakini kuna siku hatujui, Mkuu," Neema akamwambia.

"Basi tuhakikishe tunajua. Tatizo ni nafasi wazi, si ndiyo? Hakuna tena nafasi wazi."

Barua ikaandikwa kwa wapimaji wote. Kila siku iwe na namba, Jumapili ikiwemo, saa tatu kamili. Fomu yenye nafasi wazi haitapokelewa. Barua ilikuwa fupi na yenye mhuri. Niliiona ikifungwa kwenye bahasha, nikiwa na siku nne tu kazini, nami sikusema kitu. Nilifikiri nimeshasema ya kutosha katika kazi ile.

Watu huniuliza kustaafu kukoje. Kwangu ni hivi: nikisikia mvua naamka, kichwani nikianza kujumlisha siku tano. Nilifanya kazi muda mrefu kuliko umri wa walio wengi wanaosoma haya, na nikiombwa kusema nimeacha nini, nimeacha programu ambayo ndani yake kuna mambo niliyoyajua mimi peke yangu na nikayaona ya kawaida mno kuyasema. Mhandisi Mkuu alinilaumu kwa hilo nikiwa kijana. Nililirudia nikiwa mzee. Mkikuta maandishi ya kale ya kompyuta, msidhani kigumu ni lugha. Lugha Neema aliimaliza kwa miezi. Kigumu ni yale ambayo kila mtu alikuwa akiyafanya bila kuyaandika, na mzee aliyekaa pembeni akisema haijawahi kumsumbua.

Neema bado hunitumia fomu za Ngara kwenye simu, si kwa sababu ofisi imemwagiza, ila anataka macho ya pili. Fomu za Laurenti sasa zimejaa. Siku zote thelathini, hakuna pengo. Jumapili namba inafika saa tatu kamili, ingawa kila mtu Kibimba atakuambia kwamba saa tatu ya Jumapili bado yuko kigangoni akiongoza ibada. Na si Jumapili tu. Zamani namba zake zilikuwa za kila aina, tatu nukta mbili, kumi na moja nukta saba. Siku hizi karibu zote huishia na sifuri au tano, kama namba za mtu anayekisia.

Mwezi uliopita, siku ya Jumatano, nilikwenda. Nilimkuta uani akimenya muhogo. Alinikaribisha vizuri, akaniletea kiti.

"Kipimo kinaendeleaje, Katekista?"

"Fomu zinafika?"

"Zinafika. Zimejaa."

"Basi."

Akaendelea kumenya. Nilikuwa na swali moja mdomoni na sikuwa na haki ya kumuuliza mtu yule. Nikaaga. Wakati wa kutoka nilipitia nyuma ya nyumba, kwenye kipimamvua. Majani yamekua hadi magotini pande zote, isipokuwa kijia chembamba kilichokanyagwa, ambacho kinaweza kuwa cha mtu na kinaweza kuwa cha mbuzi. Ardhi ilikuwa na unyevu, lakini asubuhi kulikuwa na ukungu. Ilikuwa saa nne. Nilifunua mkebe nikatoa chupa.

Ilikuwa tupu. Mpimaji akishasoma humwaga maji, hivyo chupa tupu ni alama kwamba kazi imefanyika. Pia ni alama ya usiku usio na mvua. Nilipofika nyumbani nilimwomba Neema anitumie namba ya Kibimba ya siku ile. Ilikuwa imefika saa tatu kamili: nne nukta tano. Mfumo uliipokea, ukajumlisha, ukaandika HAKUNA HATARI.